Mdogo wangu anarudi nyumbani na kiti mwendo: kuta ziko kwenye lenta, gari bado hatujachagua

DadaMkubwa aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mdogo wangu wa kiume aliumia uti wa mgongo sehemu ya chini. Mikono na kifua viko imara, ila miguu haina nguvu, na kuanzia nyonga kushuka chini hana hisia. Sasa anafundishwa kuhama mwenyewe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti mwendo na kurudi. Tumekubaliana akitoka huko anakofanyia mazoezi aje kukaa kwangu. Nyumba yangu bado inajengwa: kuta zimefika usawa wa lenta (boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha) lakini zege lake halijamwagwa, fremu hazijawekwa, chini ni jamvi tupu, yaani zege la sakafu lisilomaliziwa. Sakafu imeinuka sentimita 45 kutoka usawa wa uwanja.

Fundi wangu ni mtu mwema na kazi yake naipenda, lakini yeye anaona tuweke kamteremko pale mlango wa nyuma na chuma kimoja chooni, basi. Anahofia tukizidisha nyumba itafanana na wodi. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja za kumpa. Mnisaidie, nimwambie nini, kwa vipimo?

Jambo la pili ni gari. Tuna uwezo wa kuchagua moja kati ya mawili, gari dogo la kawaida au lile lililoinuka la kupita njia mbaya. Mdogo wangu alikuwa dereva mzuri. Kila nikimtembelea swali lake la kwanza ni kama ataendesha tena, nami sijui nimjibu nini.

FundiPimamaji alijibu:

Dada, umeuliza wakati unaofaa. Kama lenta haijamwagwa, kupanua tundu la mlango ni kazi ya kutoa matofali machache tu. Ukisubiri mpaka ripu na marumaru viingie, utavunja ulichokwisha kulipia.

Tuanze na rampu, yaani huo mteremko. Uwiano unaotumika katika viwango vingi, vikiwemo vya Marekani, ni 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwako sm 45 zinakuwa mita 5.4. Hapo mwambie fundi wako jambo moja: 1:12 ni mwisho wa ukali unaoruhusiwa. Ukiwa na uwanja, nenda 1:20, yaani mita 9. Jukwaa bapa la mita 1.5 liwepo juu na lingine chini, na kama rampu inapinda, jingine hapo penye kona. Jukwaa la juu watu hulipunja, halafu mtu anajikuta anashika kitasa kwa mkono mmoja huku mwingine unazuia kiti kisirudi nyuma.

Upana usipungue sm 91.5 kati ya vyuma vya kushikia. Mimi ningefanya 120. Pembeni inua ukingo wa zege wa sm 10 ili gurudumu dogo la mbele lisitoke nje, na uso wa rampu upigwe ufagio zege likiwa bichi usiteleze mvua ikinyesha. Usiweke marumaru ya kung'aa kwenye rampu hata mtu akikubembeleza.

Njia nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi, ni kujaza kifusi na kuinua uwanja wenyewe polepole mpaka ukutane na mlango. Ukiwa mlalo kuliko 1:20 unakuwa njia ya kawaida tu, wala mgeni hatajua kwamba imejengwa kwa sababu fulani. Sharti ni udongo usipande juu ya kizuizi cha unyevu cha ukuta. Acha mfereji mwembamba wenye wavu kando ya ukuta.

Milango: nafasi safi ya kupita isipungue sm 81.5. Hiyo haipimwi ndani ya fremu. Fungua mlango nyuzi 90, kisha pima kutoka uso wa ubao uliofunguka mpaka ukingo wa upande wa pili. Kwa ubao wa sm 90 uko salama. Kizingiti kisizidi sm 1.3 na kichongwe mshazari. Kama unaweza kukiondoa, kiondoe.

ShangaziWaMagurudumu alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yaliyompata mdogo wako. Nakuandikia nikiwa mtu wa kiti mwendo tangu usichana wangu, na gari naendesha mwenyewe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza mapema, na hilo ni jambo ambalo wengi wetu hatukulipata.

Fundi hapo juu kakupa vipimo sahihi. Mimi nataka ujue vipimo hivyo vinalinda nini. Vinalinda mabega. Miguu ikiacha kazi, mabega ndiyo yanayochukua kazi yote ya kusukuma, kujiinua, kuhama na kuvuta mlango. Kiungo cha bega kimeumbwa ili mkono ufike mbali. Hakikuumbwa kubeba uzito wa mwili mara nyingi kwa siku. Uliza watu waliokaa miaka mingi kwenye kiti mwendo cha kusukuma kwa mikono, na kilio utakachosikia mara kwa mara ni cha bega. Mdogo wako leo ni kijana mwenye nguvu, atapanda rampu kali na atajivuta kwenye gari la juu, nanyi mtampigia makofi. Mimi namfikiria atakapokuwa na umri wangu. Bega likiharibika hana kiungo kingine cha kuazima.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia fundi neno lolote, nenda na futi kamba huko anakofanyia mazoezi. Mpime akiwa kitini, kwenye kiti atakachotumia, na mto wake ukiwa umekaliwa. Pima kimo cha kikalio kutoka chini. Pima magoti yako juu kiasi gani, maana ndiyo yatakayoingia chini ya sinki na meza. Pima upana mikono ikiwa kwenye pete za kusukumia, kwa kuwa vidole ndivyo vinavyochubuliwa na fremu, kiti chenyewe hakiumii. Pima anapofika akinyoosha mkono mbele, na anapofika akiunyoosha juu. Andika vyote kwenye karatasi moja na fundi awe na nakala yake.

Kisha, kama anaruhusiwa kutoka hata kwa saa chache, mlete kwenye hilo jamvi. Jamvi tupu ni karatasi yako ya kuchorea. Chukua chaki, chora kitanda kwa ukubwa wake halisi, chora choo, chora mlango unavyofunguka, weka maboksi mahali pa kabati. Mwache azunguke. Kugeuka duara kamili kunataka eneo la takriban mita 1.5 kwa 1.5, lakini ukimwona mwenyewe akigeuka utajua wapi panabana, na yeye ataona kwamba nyumba inajengwa pamoja naye.

Sasa choo na bafu. Hapo ndipo pesa zako ziende kwanza. Akikosa sebule nzuri ataishi. Akishindwa kuingia chooni peke yake, kila asubuhi yake itakuwa ya kumwita mtu, na hilo humla mtu ndani kwa ndani.

Kimo cha choo kilingane na kimo cha kikalio chake. Viwango vya Marekani vinasema sm 43 hadi 48, ila wewe fuata karatasi yako. Kikiwa chini sana, kurudi kwenye kiti ni kupanda mlima. Kikiwa juu sana, miguu inaning'inia na kiwiliwili kinapoteza mizani. Choo cha kuning'inizwa ukutani kinakuruhusu kuchagua kimo unachotaka kabla hakijafungwa. Upande mmoja wa choo acha nafasi tupu ya sm 90 au zaidi, kiti kiingie sambamba naye ahame kwa ubavu. Usiweke hapo ndoo, kapu la nguo, wala kabati.

Vyuma vya kushikia viwe sm 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Fundi wako asivifunge kwa vile viskrubu vya kuning'inizia taulo, kwani vitabeba mwili wa mtu mzima ukishuka kwa ghafla. Kama matofali yako yana matundu, yajazeni zege leo katika usawa huo, kuzunguka choo na bafu. Kazi hiyo sasa ni ndogo, na baada ya marumaru haiwezekani bila kubomoa. Na mwambie chuma kimoja hakitoshi. Anahitaji cha ukutani, na kingine upande wa wazi kinachokunjwa kwenda juu, ili kisizuie kiti kuingia.

Bafu lisiwe na ukuta mfupi wala beseni la kuvuka. Sakafu iwe moja, yenye mwinamo wa kama sm 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Weka kiti cha kuogea chenye kimo kilekile na uso laini, na bomba la mvua lenye mpira mrefu analoweza kulishika. Uso laini nausisitiza. Mwili usio na hisia haumpi taarifa, mchubuko wa leo kwenye ukingo mgumu unaweza kuwa kidonda kitakachomlaza kifudifudi kwa miezi. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya moto yawe na kidhibiti, yasizidi nyuzi 49 za Selsiasi, na bado ayapime kwa mkono kwanza. Bomba la maji ya moto chini ya sinki lifunikwe, kwa kuwa magoti yake yataligusa na hatajua. Chini ya sinki acha wazi angalau sm 68.5, au zaidi kama magoti yake yanadai.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio utakaouzuia, na hamtamfikia.

Mengine ni mepesi. Swichi ziwe chini ya sm 120, soketi zisiwe chini ya sm 40. Dirisha la chumba chake liwe na kingo fupi, aone nje akiwa amekaa au amelala. Jikoni sehemu moja ya meza isizidi sm 86, iwe wazi chini, na jiko liwe na vitufe mbele, asipitishe mkono juu ya moto. Wengi huruka jikoni wakidhani atapikiwa maisha yote. Usimwekee mpaka huo.

Kuhusu mlango wa nyuma, mwanangu, hapana. Rampu iende mlango mkuu. Mtu anayeishi ndani ya nyumba asiingie kwa njia ya kutolea taka. Mwaka 1987, mjini Atlanta nchini Marekani, Eleanor Smith, mwanamke aliyetumia kiti mwendo, alianzisha harakati zilizoitwa Concrete Change. Walidai kila nyumba mpya iwe na mambo matatu tu: mlango mmoja usio na ngazi, milango ya ndani inayopitika, na choo kwenye sakafu ya chini. Walidai hayo kwa nyumba za watu wote, hata zisizo na mlemavu, kwa kuwa mtu wa kiti mwendo naye ana marafiki wa kuwatembelea. Na hofu ya wodi haina msingi. Ronald Mace, msanifu majengo aliyeugua polio utotoni na akatumia kiti mwendo, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba jengo lililopangwa hivyo tangu mwanzo huwa zuri kwa kila mtu. Kinachofanya nyumba ifanane na wodi ni vyuma vilivyobandikwa baadaye juu ya nyumba isiyofikiriwa.

Nakuja kwenye gari, na hapa nitakuomba usilitenge na nyumba. Kwa mtu wa kiti mwendo, nyumba inaishia kwenye kiti cha gari. Kutoka kitandani mpaka usukani ni njia moja. Ikikatika popote, yote yaliyobaki hayamsaidii. Maegesho yawe sehemu bapa, yenye paa, na upande wa dereva pabaki wazi mita 1.5 baada ya gari kusimama. Ubapa una maana yake: anapohama, kiti mwendo kikiwa kwenye mwinamo kinateleza, na yeye yuko nusu hewani.

Chagua gari kwa kimo cha kiti chake. Gari lililoinuka linapendeza macho, ila kila safari litamdai ajipandishe na kujishusha, na deni hilo linalipwa na mabega yaleyale. Gari dogo ambalo kiti chake kinalingana na kiti mwendo, lenye mlango unaofunguka sana, atahama kwa ubao wa kuhamia, unaolazwa kati ya viti viwili, au hata bila ubao. Muulize mtaalamu wake kuhusu kiti mwendo chenye fremu isiyokunjika na magurudumu ya kuchomoka kwa kitufe. Akishaketi anachomoa magurudumu, analaza kidogo kiti cha gari, anaipitisha fremu juu ya kifua chake na kuiweka kiti cha abiria. Hahitaji mtu. Jaribuni hilo kabla ya kulipa, kwenye gari lenyewe mtakalolinunua.

Na ndiyo, ataendesha. Mwambie hivyo kwa niaba yangu. Gari liwe la gia otomatiki. Linafungwa wenzo pembeni mwa usukani: anausukuma mbele kushika breki, anauvuta au kuuzungusha kuongeza mafuta, kulingana na aina. Kwenye usukani kunafungwa kirungu ili augeuze kwa mkono mmoja. Waombe pia kinga ya pedali, kwa sababu miguu iliyopooza inaweza kukakamaa ghafla na kukanyaga mafuta bila yeye kutaka. Vifaa hivyo vifungwe na mtu anayeijua kazi hiyo, na leseni yake iangaliwe upya kwa sheria za mahali mlipo. Gari likikaa juani, chuma cha mkanda kinaweza kumuunguza paja. Aguse kwanza kwa mkono.

DerevaWaMama alijibu:

Nakubaliana na shangazi kwa yote. Naongeza kwa watakaosoma wakiwa na ndugu asiyeweza kuhama, kama mama yangu anayetumia kiti cha umeme. Kiti hicho hakikunjwi na kinaweza kuzidi kilo 100, kwa hiyo anasafiri akiwa amekikalia. Hapo gari linakuwa aina nyingine kabisa: sakafu iliyoshushwa au lifti. Wazo hili lina historia ndefu. Ralph Braun, Mmarekani aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, alifunga lifti ya kiti mwendo kwenye gari la Dodge mwaka 1970, na biashara kubwa ikazaliwa hapo.

Rampu ya ubavuni inataka takriban mita 2.4 za nafasi kando ya gari. Ya nyuma inaegesheka popote, lakini mtu anashukia upande wa barabarani.

Ndugu zangu, kiti kifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikishika fremu. Isishike magurudumu wala sehemu za kuchomoka. Kiti kielekee mbele. Halafu mtu mwenyewe afungwe mkanda wake, wa nyonga na wa bega, ukipita chini ya sehemu za kuegemeza mikono ili ulale juu ya mifupa ya nyonga. Nimeona magari ambayo kiti kimefungwa vizuri na mgonjwa hajafungwa chochote. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, kiti kinabaki na yeye anaondoka. Mkinunua kiti kipya, ulizeni kama kimejaribiwa kwa kiwango cha ISO 7176-19. Viti vya kiwango hicho vimepigishwa jaribio la ajali la kilomita 48 kwa saa, na sehemu nne za kufungia zimewekewa alama.

DadaMkubwa aliandika:

Shangazi, kaka zangu, Mungu awabariki. Nimekwenda na futi kamba. Kikalio na mto ni sm 51. Kiti cha gari dogo ni sm 50, cha lile lililoinuka ni 76. Nimemwonyesha mdogo wangu namba hizo, akacheka, akasema basi kesi imekwisha. Nilipomsomea ile sehemu ya wenzo alinyamaza, akaniomba niisome tena.

Fundi amekubali mlango mkuu na kujaza kifusi. Yamebaki mawili. Anauliza kama mlango wa bafu unaweza kuwa wa kuteleza, kwa sababu ukifunguka kwa nje unaziba korido. Na maegesho anataka yawe na mwinamo ili maji yatoke.

ShangaziWaMagurudumu alijibu:

Mlango wa kuteleza ni mzuri, mradi uning'inie kwenye reli ya juu na chini pasiwe na reli ya kukwamisha magurudumu ya mbele. Kishikio kiwe cha umbo la upinde, anachoweza kukivuta kwa ngumi au kiganja. Kishikio hicho kitazuia mlango usifunguke wote, kwa hiyo tundu lipanuliwe kufidia: pima nafasi safi mlango ukiwa umevutwa mpaka mwisho wake, ibaki 81.5 au zaidi. Ukuta unaobeba reli usitundikwe kitu. Milango mingine ya bawaba, upande anaouvuta, iachiwe sm 46 za ukuta mtupu kando ya kitasa, apate pa kusimamisha kiti wakati ubao unamjia.

Maegesho, mwinamo unaruhusiwa, usizidi sm 2 kwa mita, na uelekee mbele au nyuma ya gari. Usielekee ubavuni anakohamia. Paa likiwepo, maji yenyewe yatakuwa machache. Zege la hapo lisimwagwe kabla gari halijanunuliwa. Lileteni, liegesheni pale pale litakapokaa, fungueni mlango wa dereva mpaka mwisho, mdogo wako ajisogeze na kiti chake mpaka mahali anapohamia, kisha fundi achore mstari nyuma ya gurudumu la kiti na aongeze nusu mita ya kurudi nyuma na kugeuka. Ubao wa fomu, ule wa kuzuia zege bichi, uwekwe kwenye mstari huo.